Sekunde Kumi na Moja

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname,
nami nimeinama, tochi mdomoni,
nachomeka waya wa antena kwenye kadi ya televisheni
niliyouziwa na Pentti, mtumba, bila maelezo.
Kadi hii haijui kubana picha.
Inapokea tu na kumwaga,
kama bomba lililofunguliwa na mtu akaenda zake.
Kubana ni kazi ya programu, programu inamtwika prosesa,
na prosesa yetu ni ya juzi, si ya leo.

Nje, Kemi, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Usiku huu, baada ya saa tisa, watarudia
kipindi cha mwaka sabini na nane, kuhusu kiwanda cha karatasi.
Mama yumo. Sekunde kumi na moja, alisema shangazi Impi,
kando ya mashine namba tatu.
Baba hakukiona: jioni ile alikuwa zamu.
Na Mama tulimzika miaka sita iliyopita,
ardhi ikiwa ngumu hivi hivi.

Wiki nzima tumejaribia taarifa ya hali ya hewa.
Jumatatu sauti ilitangulia:
bwana yule alitaja theluji kabla ya kufungua kinywa.
Jumanne nikahifadhi ghafi, bila kubana;
diski ikavimbiwa kwa dakika ishirini na kitu.
Jumatano nikapandisha ubora, tamaa tu,
prosesa ikafika asilimia mia ikakwama hapo,
fremu zikadondoka kama vifungo vya shati kuukuu.
Alhamisi nikapunguza picha, nusu kwa nusu.
Baba akasogea, akarudi nyuma, akasema:
"Huyu hana macho."

Leo tumezima kila kisichohitajika,
hata wale samaki wanaoogelea kioo kikilala.
Nimefungua ubavu wa kompyuta.
Baba, bila kuuliza, kafungua dirisha.
Kavaa koti la kiwandani na kofia ya manyoya,
kaketi kama anayesubiri basi.
Chumba kizima, anayestarehe ni prosesa.

Ili tusisinzie nikamweleza:
programu haiandiki kila picha nzima.
Inaandika moja, kisha inatazama kilichobadilika.
Ukuta ukitulia, hauandikwi tena.
Mkono ukisogea, unaandikwa mkono.
Baba akawaza kitambo.
"Kwa hiyo mtu akikaa kimya, asitikisike,
wanamsahau?"
"Hapana. Wanamchukulia yupo palepale."
Akafunga kifungo cha juu cha koti.

Saa tisa na dakika ishirini na nne, mashine namba tatu.
Kelele. Mvuke. Na Mama,
miaka ishirini na tisa, mdogo kuliko mimi sasa,
anachomoa karatasi iliyonasa,
anamwambia mpiga picha neno lililomezwa na mashine,
anacheka kwa upande mmoja wa mdomo,
basi.

Mimi sikumtazama. Nilitazama tarakimu:
fremu zilizopotea, sifuri, sifuri, nne,
kisha mvuke ukatanda, na mvuke haubaniki,
hakuna chembe yake inayotulia:
kumi na tisa.

"Umempata?"
"Nimempata. Zimeanguka kumi na tisa."
"Kati ya ngapi?"
"Mia mbili sabini na tano."
Akapiga hesabu kwa vidole,
mtu aliyeishi akihesabu karatasi zilizoharibika.
"Mashine namba tatu ilikuwa mbaya zaidi."

Tukairudisha. Mama anainama, anachomoa,
halafu ghafla amesimama wima, anacheka,
hakupita popote katikati.
"Hapo," Baba akasema, kidole kikigusa kioo,
"alijipangusa pua kwa kiwiko.
Kila mara. Hata nyumbani, akiosha vyombo."

Akairudia mara nne, tano.
Kisha: "Sasa funga dirisha, tutakufa."
Nilipogeuka, theluji kidogo ilikuwa imeingia,
imekaa juu ya kibodi, haijayeyuka.